Rufiji: Mto Uliopimwa kwa Maswali ya Wengine

Kaa wa mikokoni hula usiku. Mche wa mpunga ukiwa bado mwororo, majani mawili matatu juu ya tope, huukata shinani kwa gando lake na kuuacha ukielea. Asubuhi mkulima wa delta anashuka kutoka kwenye dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yapite chini, na kukuta upara mahali alipopandikiza jana. Atapandikiza tena, na kaa atarudi. Katika vita hivyo vya mkulima na kaa, sumu ya DDT iliingia mashambani mwa delta ya Rufiji. Ilichukua miaka mingi kabla ya mkemia kufika na chupa zake kuuliza sumu hiyo imeishia wapi.

Si kwamba Rufiji haikupimwa. Mito michache ya Afrika Mashariki imepimwa kwa bidii kama huu. Unakusanya maji kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mito ya Kilombero na Luwegu hukutana kwenye maporomoko ya Shuguri, na Ruaha Mkuu huingia juu kidogo ya Korongo la Stiegler. Maji ya mashamba ya mpunga ya Usangu, ya chai ya Mufindi na ya miwa ya Kilombero huteremka kwa mfereji huo mmoja hadi kwenye mikoko inayofunika zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko usio na mwenzake kwa ukubwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Upande wa bara, ardhi inapopanda na tope kugeuka mchanga, zipo kata za nchi kavu za Wilaya ya Kibiti, Mtawanya ikiwa mojawapo: nchi ya mikorosho, minazi na mihogo, ambako maji hutafutwa chini ya ardhi.

Suala ni kwamba kila aliyekuja kupima alikuja na swali lake mkononi.

Mwaka 1929, A. M. Telford aliiandikia serikali ya Tanganyika ripoti juu ya uwezekano wa kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Swali lake lilikuwa la kilimo: ardhi hii inaweza kuzalisha nini? Miongo mitatu baadaye walikuja wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ripoti yao ya mwaka 1961, yenye juzuu kadhaa, ililichambua bonde zima: mvua, mtiririko, udongo, mahali pa kujenga mabwawa, ekari zinazoweza kumwagiliwa. Ni kazi kubwa, na hadi leo watafiti huirejea. Lakini maji ndani yake yalikuwa wingi, yalihesabiwa kwa ujazo unaopita kwa sekunde. Yaliyomo ndani ya maji hayo, yaani chumvi, madini na uhai, yalikuwa jambo la pembeni.

Kisha serikali yenyewe ikaja na swali la usalama. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ilianza Operesheni Rufiji, iliyowahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni hadi kwenye miinuko. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza za kuunda vijiji vya ujamaa nchini. Aliyekuwa akichota maji mtoni na kulima mlau, yaani mazao yanayopandwa kwenye unyevu unaobaki maji ya mafuriko yakishapungua, sasa aliishi mbali na shamba lake na mbali na maji yake. Kisima kikawa jambo la kila siku.

Han Bantje, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa mmoja wa waliogeuza swali. Katika kazi zake za mwaka 1979 na 1980 juu ya kilimo, mafuriko na njaa wilayani Rufiji alitaka kujua mafuriko yana maana gani kwa anayeishi nayo. Alionyesha kwamba gharika inayoharibu mpunga mwaka huu ndiyo inayoacha udongo mpya na unyevu wa mlau. Wakati huohuo mipango ya bwawa la umeme kwenye Korongo la Stiegler ilikuwa mezani, na mamlaka ya kuisimamia, RUBADA, ilikuwa imeundwa mwaka 1975. Kwa wapangaji wa umeme, mafuriko yalikuwa nguvu inayopotelea baharini.

Katikati ya mabishano hayo, mto wenyewe ulibadili mambo. Mafuriko ya mwaka 1978 yaliusukuma mkondo mkuu kutoka upande wa kusini wa delta kwenda upande wa kaskazini. Maji baridi yakajaa mahali palipokuwa pa chumvi, na wakulima wakaona nafasi. Kilimo cha mpunga katika delta hutegemea ufundi wa bahari na mto kwa pamoja: bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, huyasukuma maji baridi ya mto nyuma na kuyapandisha mashambani, na yakipwa, shamba hujikausha lenyewe. Hakuna pampu wala mfereji wa saruji. Kinachotakiwa ni kwamba maji yanayosukumwa yawe baridi, na sasa kaskazini yalikuwa baridi. Mikoko ikakatwa, mpunga ukapandwa. Baada ya misimu michache magugu yakazidi, shamba likaachwa, msitu mwingine ukafyekwa. Na mahali mikoko ilipokuwa, kaa walibaki.

Taarifa za uhifadhi za miaka ya 1990 zilitaja wazi kwamba wakulima wa delta walitumia DDT dhidi ya kaa. Sumu hiyo ilikuwa na historia ndefu. Paul Müller wa Uswisi aligundua uwezo wake wa kuua wadudu mwaka 1939 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani aliuonya ulimwengu kuhusu ndege waliokuwa wakifa kwa sababu ya sumu hiyo. Ubora wa DDT kwa aliyeitengeneza ndio ubaya wake kwa mto: haiyeyuki vizuri majini, haiozi upesi, na inapenda mafuta. Ikitupwa shambani, hushikamana na chembe za tope, husafiri nazo, huliwa na mnyoo, mnyoo huliwa na samaki, na kila hatua kiwango chake mwilini huongezeka. Inapovunjika mahali penye hewa hugeuka kuwa DDE. Katika tope lisilo na hewa hugeuka kuwa DDD. Kwa hiyo mkemia anaweza kusoma umri wa kosa: DDT ikiwa nyingi kuliko watoto wake hao, sumu ni ya juzi, watoto wakizidi, ni ya zamani.

Kusoma huko kunahitaji mashine na watu. Kizazi cha Watanzania waliojifunza kazi hiyo kilikulia katika Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mmoja wa walimu wake alikuwa Michael Kishimba. Shule yao ya uchungu ilikuwa Vikuge, Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, uleule ilimo delta. Mwaka 1986 takriban tani 170 za viuatilifu, nyingine zikiwa zimepitwa na wakati, zilifika huko kama msaada kutoka Ugiriki. Zilihifadhiwa kwenye banda, na banda likaanguka. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mtu angedhani habari imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2004 Sara Elfvendahl, Matobola Mihale, Kishimba na Henrik Kylin wa Sweden walichapisha matokeo yao katika jarida la Ambio. Udongo wa juu mahali pale ulikuwa na DDT na mazao yake hadi asilimia 28. Soma tena: zaidi ya robo ya uzito wa udongo ilikuwa sumu. Ilikuwa imeshuka hadi sentimita 50, kina cha chini kabisa walichopima. Katika maji, yakiwemo ya visima, walipata viuatilifu vya jamii ya klorini hadi mikrogramu 30 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 1 ya DDT kwa lita ya maji ya kunywa. Hitimisho lao lilikuwa zito: kuondoa kinachoonekana si kusafisha.

Mwaka huohuo Kishimba na wenzake, wakiwemo Haji Mwevura na Aviti Mmochi, walitoa katika jarida la Talanta picha ya kitaifa ya uchafuzi wa viuatilifu: kusini mwa Ziwa Victoria, mashamba ya miwa ya TPC Kilimanjaro, pwani ya Dar es Salaam, bonde la Mahonda-Makoba Unguja, na Vikuge. Habari ilikuwa ya kutia moyo kwa sehemu, kwani penginepo viwango vilikuwa vidogo, na makali yalikuwa kwenye maghala ya zamani. Lakini delta ya Rufiji, yenye kaa na mpunga wake, haikuwa kwenye orodha hiyo.

Wakati wakemia wakihangaika na Vikuge, delta ilikuwa imepita kwenye mtihani mwingine. Kampuni ya African Fishing Company ilipendekeza kufuga kamba kwenye eneo la takriban hekta 10,000 ndani ya delta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali hata hivyo. Wananchi wa delta, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, walikwenda mahakamani, na mradi haukujengwa.

Hoja nyingi za wakati ule zilikuwa za ardhi na haki, na zilistahili. Ila chini yake ilikuwepo hoja ya kemia ambayo ingetosha peke yake. Tope la mikoko ni jeusi na hunuka yai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotolewa na bakteria waishio pasipo hewa. Bakteria hao huchukua salfa iliyomo katika maji ya bahari, na sehemu ya salfa hiyo huungana na chuma cha mtoni kuwa pairaiti, madini madogo yanayolala salama topeni kwa karne nyingi maadamu yamefunikwa na maji. Ukichimba bwawa, ukapanga tuta kwa tope hilo na kuliacha likauke, hewa hugusa pairaiti na kuigeuza kuwa tindikali ya salfa. Kipimo cha pH kinaweza kushuka chini ya 4. Kisha tindikali hiyo huyeyusha aluminiamu kutoka kwenye udongo, na aluminiamu huwaua samaki kwa kuwaziba matamvua. Katika Casamance huko Senegal na katika Sierra Leone, mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kuta ili kuzuia maji ya bahari yaliharibika kwa njia hiyohiyo. Mkulima wa delta anayeyaacha maji yaingie na kutoka shambani mwake kila bahari inapojaa na kupwa anakwepa sehemu kubwa ya balaa hili. Mabwawa ya kamba yasingeweza.

Prof. Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeongoza maandalizi ya mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara mwaka 1991, alikuwa amekwisha kueleza kwa nini msitu huu haufai kukatwa kwa mazoea. Mikoko hukamata mashapo, na pamoja na mashapo hukamata kilichonata ndani yake.

Salfa ile ya topeni ina sura nyingine huko Mtawanya na kata jirani za mchanga. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipoishambulia mikorosho nchini, dawa iliyoenea ilikuwa unga wa salfa, unaopulizwa kwenye maua msimu baada ya msimu. Unga mwingi huanguka chini. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti wa kusini mwa Tanzania ulioonyesha kwamba salfa hiyo huongeza tindikali katika udongo wa mikorosho. Udongo wa mchanga hauna nguvu ya kuizima tindikali, na maji ya mvua huupita haraka kuelekea chini, kule kisima kinakochota. Mkulima wa korosho, kama mwenzake wa mpunga, ana sababu ya kutaka kupimiwa.

Zamu ya delta ilifika mwishowe. Mwaka 2013 Paramita Punwong na wenzake walichapisha historia iliyosomwa kutoka kwenye chavua iliyozikwa topeni: kwa maelfu ya miaka mikoko ya Rufiji imekuwa ikisogea bara na kurudi kufuata kimo cha bahari. Mwaka 2018 kundi la watafiti Minu, Joyanto Routh wa Chuo Kikuu cha Linköping, John Machiwa wa Dar es Salaam na wenzao lilichapisha utafiti wa metali katika tope la delta, kwa mahali na kwa nyakati. Kazi ya namna hiyo hudai mikono michafu. Bomba husukumwa wima topeni maji yakiwa yamekupwa, hutolewa taratibu ili matabaka yasivurugike, kisha tope hukatwa vipande vyembamba. Cha juu ni cha miaka ya karibuni, cha chini ni cha mababu. Kila kipande huulizwa: una risasi kiasi gani, kromiamu kiasi gani, shaba kiasi gani? Bila kile cha chini, mtafiti hawezi kujua kama metali ya juu imeletwa na binadamu au ni miamba tu ya bara inayomomonyoka.

Halafu, mwaka 2021, Haji Mwevura wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na Kylin, Thomas Vogt na Hindrik Bouwman, walichapisha utafiti ambao vita vya mkulima na kaa viliungoja kwa miongo: mabaki ya viuatilifu vya zamani vya klorini na vya kisasa vya fosforasi katika udongo, maji na mashapo ya delta ya Rufiji. Mwevura alikuwa kijana wa kundi la Kishimba, na Kylin alikuwa amekwisha kusimama Vikuge. Ujuzi uliopatikana kwenye ghala lililoanguka ulipelekwa kwenye shamba la mpunga. DDT kwa wakati huo ilikuwa imebanwa na Mkataba wa Stockholm, ulioanza kutumika mwaka 2004, unaoiruhusu kwa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu. Dawa zilizoshika nafasi yake dukani huoza mapema zaidi, ila nyingi huweza kuwaua kaa na kamba wadogo hata zikiwa kidogo sana majini. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba DDT imepungua. Lazima kutazama kilichokuja baada yake.

Na sasa bwawa la Korongo la Stiegler lipo. Jiwe la msingi la mradi wa Julius Nyerere liliwekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa mwanzoni mwa 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikawa imekamilika. Nchi ilihitaji umeme huu, na wananchi wa Kibiti ni sehemu ya nchi hiyo. Lakini kemia ya mto haiwezi kubaki ileile. Mashapo yaliyokuwa yakiteremka kila mwaka sasa hutua ndani ya bwawa. Maji ya kina kirefu katika ziwa jipya hupungukiwa oksijeni, kwa kuwa miti na majani yaliyofunikwa huoza. Kimo cha mto kiangazi na masika hubadilika, na pamoja nacho mpaka kati ya maji baridi na ya chumvi, mpaka uleule ambao mwaka 1978 ulihama na kubadili maisha ya kaskazini yote. Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti na kuwang'oa maelfu ya watu. Gharika inapopita juu ya vyoo na visima kwa pamoja, swali la kwanza ni vimelea vya kinyesi, kabla hata ya viuatilifu na chumvi.

Tope lililochukuliwa na watafiti kabla ya Desemba 2022 limepata thamani ambayo hawakuipanga: ni ushahidi wa mto jinsi ulivyokuwa, na hakuna atakayeweza kwenda kuuchukua upya kwenye maji yanayopita sasa. Takwimu zilizotokana na tope hilo zikibaki kwenye majarida ya nje, kwa lugha ya nje, hazitamfaa anayepandikiza mpunga Mbuchi, kule deltani, wala anayechota kisimani Mtawanya. Zinastahili kukaa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, wakala wa maji vijijini RUWASA na ofisi za kata, zikiwa zimeelezwa kwa Kiswahili.

Njia ya kufanya hivyo ipo, kwa sababu imewahi kupitiwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti Stéphanie Duvail, Olivier Hamerlynck na wenzao wa Tanzania walifanya kazi na wanavijiji wa Rufiji ya chini waliosoma wenyewe vipimo vya kina cha maziwa na mvua na kuviandika, na matokeo yakajadiliwa vijijini. Mwaka 2014 kazi hiyo ilichapishwa katika jarida la kimataifa la haidrolojia kama mfano wa elimu mbili kukaa meza moja. Kupima chumvi ya kisima ni kazi nyepesi kuliko ile. Kifaa cha kushika mkononi huzamishwa kwenye kikombe na namba husomeka kwa sekunde chache. Mtu mmoja katika kila kijiji, aliyefunzwa na mwenye daftari, anaweza kupima kisima kilekile mara mbili kwa mwezi, siku za bamvua na siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo. Sampuli za viuatilifu na metali zipelekwe maabara mara moja kwa mwaka, baada ya masika, na majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi.